Daftari la Dobi

Bibi yangu, Ludmila Hrabovska,
hakuwahi kutazama mechi hata moja.
Jumapili jioni alikuwa mlangoni, Mtaa wa Tanuri,
akipokea magunia ya viazi yaliyojaa jezi,
mazito kama mizoga.
Alihesabu, akaandika, akawasha moto.

Daftari ninalo mimi. Mvuke umelila jalada.
Ukurasa wa kwanza, Oktoba 1920:
Tope. Tope. Tope. Moja ina jino ndani.

Hivyo ndivyo walivyoanza Wachoma Matofali wa Calder Fork, Ohio:
vijana wa kiwandani, dola tano kwa mechi na sahani ya maharagwe,
wakigombea mpira wenye umbo la papai changa,
unaokumbatiwa kuliko unavyopigwa teke.
Mwenye kiwanda aliwanunulia nafasi katika ligi
kwa hundi ambayo benki iliirudisha mara mbili.
Ubao wa matokeo ulikuwa mlango wa choo.

Katika daftari hamna pointi. Mna madoa.
Damu: maji baridi na chumvi.
Bia: wameshinda.
Bia na damu: wameshindwa ugenini, kisha wakaingia baa.

Ila namba 14, kuanzia 1929, ilikuja peke yake,
imefungwa kwenye gazeti, na doa lake ni la makaa.
Makaa ya nini uwanjani? bibi akauliza.
Mvulana wa mizigo akatazama viatu vyake.
Ezra Tolliver hubadilishia nguo stoo ya makaa, mama.
Wenzake hawataki ngozi yake iguse benchi lao.
Na ndiye anayewashindia.
Bibi hakujibu. Kiingereza chake kilikuwa cha sabuni na bei.
Tangu siku hiyo aliifua namba 14 kwanza,
maji yakiwa bado safi.

Mwaka 1934 matajiri wa timu walielewana chini ya meza.
Hakuna barua. Hakuna sheria iliyoandikwa.
Kuna mwandiko wa bibi:
Namba 14: haikuletwa.
Wiki iliyofuata: haikuletwa.
Na iliyofuata.

Vita vikaja, magunia yakapungua.
Bibi akafa, mama yangu Vlasta akarithi birika, pasi na kalamu.
Hakumjua Tolliver. Hakuuliza.
Kila Jumapili alikopi mstari ule chini ya hesabu,
kama mtu anayeitikia dua asiyoijua maana:
Namba 14: haikuletwa.

Mpaka Septemba 1951.
Wino umetuama hapo, nadhani kalamu ilisita.
Namba 14: imeletwa. Tope.
Tope tu, kama la wenzake, na ndani ya gunia la wenzake.

Ubingwa wa 1954 siwezi kuusoma. Ukurasa umelowa,
sijui kwa bia au kwa mama.

Kisha Desemba 1963, usiku, theluji ikianguka,
malori manane yakaubeba ukumbi mzima wa mazoezi:
kofia, vyuma, makombe, hata saa ya ukutani.
Mtoto wa mwenye kiwanda alikuwa amepata mji wenye jua
na uwanja wa bure.
Walisahau kitu kimoja. Jezi zilikuwa kwetu, kambani,
thelathini na saba, zimeganda,
mikono wazi, zikigongana kama mbao.
Muungwana akivuliwa nguo huchutama.
Sisi tuliachiwa nguo, tukavuliwa watu.
Wanaume walikuja uani asubuhi, wakasimama mbele ya kamba
wakitafuta namba.

Sasa wajukuu wa malori yale wameniandikia.
Wanajenga makumbusho huko kwenye jua. Ubingwa wa 1954
wameshauchora ukutani, ni wao, wanasema, historia huhama na jina.
Wanaomba namba 14, yoyote kati ya zile mbili.
Karatasi nzuri, nene, haina hata doa.

Nimewajibu kwa kunakili ukurasa wa mwisho:
Jezi thelathini na saba. Theluji.
Dola kumi na moja na senti kumi.
Hawajalipa.